Nyasi Zilizotoka Bura

Mzee wa Nyasi hakuwahi kucheza gofu hata siku moja, na waliocheza aliwacheka. "Watu wazima," alikuwa akiniambia tukiwa garini, "wanafukuza kitu kidogo kama ndimu kwenye jua la Voi, wakikipata wanakipiga tena kiende mbali." Hata hivyo maisha yake ya kazi aliyamaliza akiwatengenezea watu hao mahali pa kufungia mchezo wao, lile duara la nyasi fupi lenye shimo na bendera, ambalo sisi wafanyakazi tuliliita grini. Mimi nilikuwa dereva wa pikapu ya klabu. Nilibeba mbolea, mchanga, mipira ya maji, na yeye.

Nina mengi ya kusimulia juu yake, na mengine yanachekesha. Lakini mtu akiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, namwambia hivi: alikuwa mtu aliyetafuta kipande cha nyasi, urefu wa mkono tu, ndani ya nyasi nyingine zilizofanana nacho kabisa, ili akirudishe kwa nyanya mmoja wa Bura kabla nyanya huyo hajafa. Nilimwona akikitafuta mpaka akakonda. Mengine yote niliyoyajua juu yake siwezi kuyaeleza bila kupitia hapo.

Kanisani alivaa viatu vilivyong'aa. Mjini na shambani alivaa gambuti, jua liwe kali namna gani. Lakini akifika kwenye grini alivua, akakunja suruali, akaingia miguu mitupu kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu. Miguu yenyewe haikuwa ya kuonyesha wageni. "Mzee," nilimwambia siku moja, "wachezaji wakiiona hiyo, watarudi Nairobi."

"Hii miguu imesoma kukushinda wewe," akanijibu. "Jicho linadanganywa na rangi. Unyayo haudanganywi."

Uwanja wetu ni mdogo, uko nje ya mji, na upande mmoja umepakana na pori la ndovu. Kwa miaka mingi haukuwa na grini za nyasi. Mahali pake palikuwa na mchanga uliochanganywa na oili chafu ya injini, ukashindiliwa mpaka ukawa mweusi, na mchezaji alilazimika kulainisha njia ya mpira wake kwa ubao kabla ya kupiga. Kisha klabu ikapata mmiliki mpya, naye akataka majani mabichi. Wakakubaliana waanze na grini moja, ya sita, iliyo karibu na bwawa. Ikishika, nyingine zote zitapandwa kutokana nayo.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kuchagua nyasi kunashinda kuchagua mchumba. Nyasi ya Kikuyu aliikataa bila kuigusa. "Hiyo ni ya ng'ombe," akasema, "inakunywa maji kama ng'ombe na ina vidole vinene." Nyasi ya Pemba ina majani mapana, mpira unarukaruka juu yake. Tulikwenda Taveta kwenye chemchemi, tukaona nyasi laini za kupendeza, lakini hizo zimelelewa kwa maji matamu, na maji ya kisima chetu yana chumvi ya kuacha ukoko mweupe kwenye ndoo. Tulizunguka Kasigau kwa barabara iliyotulegeza meno, tukafika shamba tulilosifiwa, tukakuta ndovu wamelitangulia. Walikuwa wameng'oa mahindi na nyasi pamoja, mwenye shamba amekaa kwenye ukingo akitazama tu, na Mzee akaona haya hata kutaja kilichotuleta. Kuna muuzaji wa Mombasa aliyetuletea sampuli mwenyewe. Mzee akachomeka kidole kwenye udongo, akatoa kikokwa kimoja cheusi. Ilikuwa ndago, na ndago ikiingia kwenye grini hutaitoa mpaka uhame wewe.

Zile zilizopita macho yake alizifanyia mtihani. Alizipanda kwenye karai, akazinywesha maji ya kisima, akazikata kwa makasi zikawa fupi kama unene wa kijiti cha kiberiti, na kila asubuhi alitafuna uzi mmoja wa mzizi. Nyingi zilikufa. Si kwamba alijua kila kitu. Msimu mmoja aliunguza kitalu kizima kwa mbolea aliyoipima mwenyewe, kisha akawanunia watu wote wa stoo kana kwamba wao ndio walioimwaga.

Alikuwa mzee wa kanisa, na habari za mizimu hakutaka kuzisikia. Huko milimani kwao kuna mapango ambamo watu wa kale waliweka mafuvu ya wazee wao. Nikimchokoza kwa hayo alinikata palepale: "Zamani imepita, dereva. Tazama barabara." Lakini mtu huyohuyo, kabla ya kukata nyasi mahali popote, aliweka kiganja chini akasema, "Hodi." Alisubiri kidogo, ndipo akachukua koleo. Nilimuuliza anambishia nani.

"Nyoka," akasema, wala hakucheka.

Jambo jingine lilikuwa mawe. Jiwe moja likibaki kwenye nyasi huvunja kisu cha mashine, kwa hiyo aliwafundisha vijana wake wa kazi kwamba kabla ya kukata nyasi popote, wapite kwanza waokote kila jiwe na kulirundika kando. Hakuhitaji kuwaambia mara mbili. Walikuwa wakifanya hivyo hata kama hayupo, na aliwasifu sana kwa hilo. Tabia hiyo nzuri ndiyo iliyomponza.

Uani kwa nyanya wa Bura tulifika kwa bahati. Tulikuwa tumepanda kununua mboga za jikoni la klabu, gari likachemka, tukasimama nje ya boma moja kuomba maji. Mzee akatazama ndani ya ua, akavua gambuti palepale barabarani. Mbele ya nyumba palikuwa na nyasi zilizolala chini kama mkeka, fupi, zimebanana, hakuna gugu wala sehemu yenye upara. Hakuna mbuzi aliyezila, maana hapakuwa na mbuzi. Mwenyewe alikuwa amekaa chini, amenyoosha miguu, anazikata kwa kisu cha jikoni, akipapasa kwa mkono wa kushoto kwa sababu macho yalikuwa yameingia ukungu.

Mzee akaingia, akasimama katikati. Alizibonyeza kwa unyayo mmoja, kisha kwa wa pili, mpaka nikafikiri amekanyaga kitu. Kisha akaniita kwa sauti ya chini nivue viatu nami. Nikavua. Ilikuwa saa sita mchana, mawe ya barabarani yalikuwa yanachoma, na nyasi zile zilikuwa baridi kama sakafu ya chumba kilichofungwa siku nyingi.

Nyanya hakukataa. Alikuwa karibu kwenda Mombasa kwa mpwa wake kutibiwa macho, na Mzee akamwahidi tangi la maji. "Chukueni," alisema. "Zitaota tena. Lakini pale penye mawe, karibu na jiko, msipaguse."

"Hatutapagusa, mama," Mzee akasema. Nilisikia kwa masikio yangu. Yeye alidhani ni mahali pa dawa za miti shamba, na hakuuliza, kwa adabu.

Vijana walitangulia kupanda Bura siku moja kabla yetu. Tulipofika na magunia ya kubebea, ua ulikuwa safi, hakuna jiwe lililobaki chini. Mzee akauliza mawe yako wapi. Wakamwonyesha rundo upande wa migomba, hatua chache kutoka jikoni, wala hawakusema wamelirundika wao. Akadhani rundo lile ndiyo alama ya nyanya. Akavuta kamba, akalizungushia nafasi kubwa kuliko iliyohitajika, akawakataza wasilikaribie. Kisha akapiga goti, akabisha hodi, na tukachukua zilizobaki zote. Njiani alifurahi sana, aliimba.

Zilishika upesi mno. Nyasi zilizohamishwa hunyauka kwanza na kukufanya ukose usingizi, lakini hizi zilikunywa maji ya chumvi na kuendelea kama vile hazikuhama. Mwenye klabu alileta wageni kuzitazama. Na wageni, hata wale wenye makelele, wakifika ya sita walipunguza sauti. Hakuna aliyewaambia. Walinong'ona tu, wakapiga mpira wao polepole, wakaondoka, wakaanza kucheka tena wakifika ya saba.

Halafu kulikuwa na harufu. Nyasi zikikatwa asubuhi zina harufu ambayo kila mtu anaijua. Hizi zilipokatwa, Mzee aliniita kwenye ndoo ya mabaki. "Unasikia nini?"

Nilinusa. Ilikuwa harufu ya chumba chenye mzazi, ya maziwa na nguo za mtoto mchanga. "Maziwa," nikasema.

"Ni mbolea," akasema, akafunika ndoo.

Walionitia hofu hasa ni ndovu. Ua wa umeme ukilala, wanaingia kunywa bwawani, na zile grini za zamani za mchanga walikuwa wakizikanyaga mpaka zikawa kama unga uliokandwa. Asubuhi moja, jua ndio linatoka, askari alikuja kutuita. Tulikuta kundi zima limesimama kuzunguka ya sita, bega kwa bega, na hapakuwa na mguu hata mmoja juu ya nyasi. Walikuwa wamenyoosha mikonga, wanazipapasa taratibu, kwa ncha tu, namna wanavyopapasa mifupa ya wenzao porini. Ndama mmoja alitaka kuingia, mama yake akamrudisha kwa mguu. Hawakutoa sauti. Mimi nilirudi nyuma ya askari.

"Wamefuata maji," Mzee akasema.

Bwawa lilikuwa nyuma yao, na wote walikuwa wamelipa mgongo.

Baada ya hapo tukapeleka tangi Bura. Nyanya alikuwa amerudi, jicho moja likiona vizuri. Tulimkuta amekaa juu ya rundo la mawe. "Kwawuka mana," Mzee akamwamkia kwa Kidawida, na hakuitikiwa.

"Mghosi," nyanya akasema, na hilo ndilo jina la heshima wanalomwitia mzee huko, "mtoto wangu umempeleka wapi?"

Niligeuka nyuma yangu nikidhani anazungumza na mtu mwingine. Mzee naye hakuelewa. Akamwonyesha ile nafasi tuliyoiacha, nyasi zake ndefu sasa, na mawe yake.

"Hapa nilikuwa namwaga majivu," nyanya akasema. "Mawe yalikuwa kule jikoni. Niliyapanga mwenyewe nikiwa msichana, siku tulipomzika. Alikuwa wa wiki moja. Hakubatizwa, kwa hivyo hakuwekewa msalaba, aliwekewa mawe."

Mzee alikaa chini. Sijawahi kuona mtu mzima akikaa chini namna ile, kama gunia lililoachiwa. Alipopata sauti alisema, "Mama, mtoto yuko palepale chini. Sisi tulichukua ngozi ya juu tu."

"Mifupa ya kichanga haikai, Mghosi. Angekuwa mtu mzima ningekubali maneno yako. Kilichobaki cha mtoto wangu ni kile kilichokuwa kinaota. Nilikuwa namkata nywele kila Jumamosi." Alisema bila kulia, kama anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Mimi nitazikwa pale jikoni, kando yake. Naomba nikifika pale nimkute. Nirudishie."

"Nitarudisha," Mzee akasema.

Angeweza kumpelekea kipande chochote. Nilimwambia hivyo tukishuka, nikidhani namsaidia. Hapo akasema, "Dereva, ukipoteza mtoto wa mtu sokoni, utamrudishia mtoto yeyote?"

Kuanzia hapo ndipo nilipomjua kweli. Yule mtu wa kuniambia zamani imepita alikuwa akifika ya sita kabla ya jua, anavua gambuti, anatembea mstari kwa mstari, akisimama, akirudi nyuma. Alilaza shavu kwenye nyasi akasikiliza. Alichomeka kijiti hapa, kesho akakihamisha pale. "Jana palikuwa hapa," alinong'ona, "leo pamesogea." Mwenye klabu alimuuliza anatafuta nini. "Ugonjwa," akajibu, na kwa uso wake yule bwana akaamini. Aliagizwa aanze kukata vipande vya kupanda grini nyingine, akatoa visingizio: mvua bado, mizizi bado, mwezi si mzuri. Yeye, mzee wa kanisa, akasingizia mwezi!

Kila tulipopanda kununua mboga, nyanya alikuwa mlangoni. "Umempata?"

"Bado, mama."

Na bado alitufungia sukuma wiki kwenye gazeti, za bure, tukale. Mzee hakuweza kuzila. Alizishika magotini mpaka Voi, kisha akanipa mimi. Nilimhurumia, na nilimwogopa pia, nisifiche. Aliacha kuwacheka wachezaji. Mchezaji akiingia na viatu vya misumari, Mzee alikunja uso kama anayekanyagwa yeye.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ilikuja nyanya alipoanza kukohoa. Mzee akaniambia, "Nenda umlete. Mimi nimeshindwa. Mama atamjua mtoto wake." Nikapanda Bura kumchukua, nikamkalisha mbele, na alfajiri ikiwa imepambazuka vizuri tukaingia uwanjani. Mzee alikuwa amesimama kando ya ya sita, miguu mitupu, amevaa koti la kanisani. Mkononi alikuwa na kisu na ubao wa kubebea. Vijiti vyake vyote alikuwa ameving'oa.

Nyanya alivua ndala. Akaingia polepole, akiegemea fimbo, akafika katikati karibu na bendera, akasimama. Hakutafuta. Nilidhani amechoka. Alizunguka mahali pamoja, akitazama mwisho wa nyasi huku, na mwisho wake kule, mkono umeziba mdomo.

"Mama," Mzee akasema, "ni wapi?"

"Ua wangu ulikuwa vumbi tupu," nyanya akasema. "Nilitoa shina moja mtoni, nikalipanda juu yake, ndani ya mawe. Moja tu. Likatambaa, likatoka nje ya mawe, mimi nikawa nalikata tu bila kufikiri." Akainama, akaweka kiganja chini. "Hakuna hapa na pale, Mghosi. Zote ni yeye. Tazama alivyokuwa mkubwa."

Mzee alianza kulia. Alilia kwa sauti, mzee mzima, na nyanya akamwacha alie, kama mtu anayejua kilio kinachukua muda gani.

Kisha nyanya akamwambia amkatie kipande cha kwenda nacho nyumbani. Mzee akauliza kutoka wapi. "Popote," akajibiwa. Akapiga magoti, akabisha hodi, akaweka kisu. Mkono haukushuka. Alijaribu mara nyingine, akahamia upande mwingine, akajaribu tena, jasho likimtoka, na yule mtu aliyekata nyasi maisha yake yote hakuweza kukata. Nyanya akakitwaa kisu, akakata mwenyewe, kipande cha urefu wa mkono, akakiinua pamoja na udongo wake bila kukivunja.

Mzee akang'oa bendera. Akaenda kwenye kitalu, akarudi na donge la udongo, akaziba lile shimo, akalishindilia kwa ngumi. Alijua grini isiyo na shimo itamgharimu kazi, na hakungoja kuambiwa. Funguo za stoo alinikabidhi mimi na hakuzidai tena.

Tukaondoka watatu. Nafasi ya mbele ilitosha, lakini Mzee alikwenda kukaa nyuma. Nyanya alikuwa na kipande kile mapajani, amekifunika kwa pindo la leso, jua lisikipige. Tulipotoka kwenye lango na kushika barabara ya Taveta, niliongeza mwendo kama nilivyozoea. Akaniwekea mkono kwenye goti.

"Polepole, dereva," akasema. "Amelala."

Nikapunguza mwendo. Malori yalinipigia honi, yakanipita moja baada ya jingine, na sikuongeza mwendo mpaka Bura.